Naomba ushauri: maandalizi ya kuandika rasimu ya riwaya kwa mwezi mmoja

Ndugu waandishi, salaam. Nimekusudia kuandika rasimu ya kwanza ya riwaya ndani ya Novemba, kwa kufuata lengo lililoanzia Marekani mwaka 1999, yaani maneno 50,000 kwa siku 30, ambayo ni wastani wa maneno 1,667 kila siku. Hadithi yangu inamhusu binti wa Kihehe anayeikimbia Kalenga mwaka 1894, Wajerumani walipoiteka ngome ya Mkwawa. Ninaishi Iringa, hivyo Kalenga na makumbusho yake si mbali. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba utafiti hauna mwisho, na swali dogo tu la chakula au mavazi ya wakati ule laweza kula jioni nzima. Je, niufunge utafiti wote Oktoba, au niandike huku nikiacha mapengo yenye alama, niyajaze baadaye? Binafsi ninaelekea kwenye mapengo. Vilevile, huku kwetu mwisho wa Novemba ni wakati wa kuandaa mashamba ya mahindi, kwa hiyo nitaandika usiku tu. Mliowahi kuandika kwa kasi hiyo, mliandaa muhtasari wa kila sura, au mlitosheka na kuujua mwisho wa hadithi?