Neno "sconce": ni taa ya ukutani, kichwa au ngome?

Msomaji_Usiku:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Mimi "sconce" nalijua kama ile taa inayofungwa ukutani, kwenye katalogi za taa limejaa tele. Sasa nasoma Hamlet, ile tamthilia ya Shakespeare, nimefika pale makaburini, Hamlet anaangalia fuvu anasema labda lilikuwa la mwanasheria, halafu anashangaa mbona anamwachia mchimba kaburi ampige na beleshi chafu kwenye "sconce". Taa imeingiaje kaburini? Ni neno moja au ni mawili yamefanana tu?

Kinara_cha_Shaba:
Mkuu hapo ni kichwa. Enzi za Shakespeare Waingereza walikuwa wanakiita hivyo kimtaani, hasa utosi, kama sisi mtu anavyosema bichwa. Ila ukitaka kulielewa neno lenyewe anzia kwenye mwanga. Asili ni Kilatini, kitenzi cha kuficha, likapita Kifaransa cha zamani likawa jina la taa iliyokingwa, maana ukitembea na mshumaa bila kuukinga upepo unauzima. Yaani mwanzoni ilikuwa taa ya kushika mkononi, ina kinga na mpini, ukutani ikaja baadaye. Na hivyo vinara vya ukutani vya zamani mimi navipenda sana, nyuma vina bamba la shaba iliyosuguliwa au kioo kabisa, na bamba hilo si pambo tu, ndilo linalorudisha mwanga chumbani badala ya mwanga kupotelea ukutani, na mshumaa ulikuwa ghali kwa hiyo kila mwanga ulikuwa na maana. Ikaja gesi, ukaja umeme, mshumaa ukaondoka jina likabaki.

BomaLaZamani:
Kinara kasema vizuri ila kuna la pili ambalo halitoki huko. "Sconce" ya vita imetoka kwa Waholanzi, kwao ni schans, ngome ndogo ya udongo. Pale Newark, Uingereza, ipo moja hadi leo, Queen's Sconce, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ukiitazama kutoka juu ina umbo la nyota ili walinzi waone kila upande. Mji wenyewe ulisalimu amri 1646. Na kitenzi "ensconce" kimetokana na ngome hiyo, si taa, maana yake kujichimbia mahali ukatulia salama. Msomaji ukimaliza Hamlet nenda The Comedy of Errors, mtumwa Dromio anapigwa na bwana wake, bwana anataja "sconce" kwa maana ya kichwa, Dromio anadaka neno hilohilo anasema basi kwa makofi haya itabidi nikitafutie kichwa changu "sconce", yaani ngome. Shakespeare anachezea maana zote mbili kwa pumzi moja, mfasiri lazima atoke jasho hapo.

Mdau_Lugha:
Mmesahau ya Oxford. Pale vyuoni "sconce" ilikuwa faini, baadaye ikawa adhabu ya kunywa bia ukivunja adabu za mezani. Samuel Johnson, yule wa kamusi, alitozwa peni mbili kwa kukosa kipindi akamwambia mwalimu wake kipindi chenyewe hakikufika hata peni moja.

Msomaji_Usiku:
Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Sasa nikikuta riwaya inasema ukumbini kulikuwa na "sconces" niandike nini kwa Kiswahili?

Kinara_cha_Shaba:
Angalia zama mkuu. Kama hadithi ni kabla ya umeme andika vinara vya ukutani, msomaji ataona mshumaa bila kuelezwa. Kama ni nyumba ya leo, taa za ukutani inatosha. Angalia pia mwandishi ni wa wapi, Wamarekani wanaiita hivyo hata ya umeme ya kawaida kabisa pembeni ya kioo cha bafuni, ila Waingereza wengi wanasema tu "wall light", kwa hiyo Mwingereza akichagua "sconce" mara nyingi anataka uone kitu cha kizamani au cha kifahari, usikipoteze hicho.

BomaLaZamani:
Na ukikuta mizinga karibu, usiandike taa.