Mawe yamemaliza viazi vyangu Isyonje, Mbeya. Hiyo hela ya maafa ipo kweli?

MamaViazi: Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Jumanne iliyopita saa tisa alasiri mvua ya mawe ilitupiga huku, dakika ishirini hazikufika. Nina ekari mbili na nusu, viazi ndiyo vilikuwa vinatoa maua. Sasa vimebaki vijiti, utadhani ng'ombe wamelala humo. Mbegu gunia 18, hela ya kikoba. Na shamba la ng'ambo ya barabara halijaguswa hata jani!

Mjumbe kapita kuandika majina, anasema serikali italipa fidia kwa ekari. Juzi kaja kijana na daftari, anataka 5,000 ya "fomu ya tathmini". Wenzangu wanne wametoa. Mimi nimemwambia arudi Jumamosi, kwa kuwa sina. Halafu kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku shamba hili lipo kwa jina la shemeji. Nitahesabiwa kweli?

Mzee wa Umalila: Marahaba mwanangu, pole sana. Huyo wa daftari usimpe hata mia. Tathmini ni kazi ya bwana shamba na mtendaji, hailipiwi.

Neno fidia nalo liondoe kichwani. Fidia ni pale serikali inapotwaa ardhi yako. Mawe yakipiga, kinachotoka ni msaada, na mara nyingi ni chakula: mahindi ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, ya bure au ya bei nafuu. Taarifa hutoka kijijini, ikapita kata, ikafika kamati ya maafa ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Isipoandikwa kijijini, huko juu hawaijui.

Chimala_boy: Sisi wa Mbarali tembo wakiingia shambani tuna kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori. Kanuni za 2011 ziliweka 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kutegemea umbali kutoka hifadhini, mwisho ekari 5. Mawe hayana hifadhi, dada, nani umdai?

MamaViazi: 😂 Kwa hiyo bora ningevamiwa na tembo.

Chimala_boy: Usiombe. Jasho linafutwa ukiwa umeshasahau ulilimaga nini.

BibiShamba_mstaafu: Mama, hilo la jina ndilo la kushughulikia kwanza. Nenda na shemeji kwa mtendaji, waandike kwamba mlimaji ni wewe, majirani wawili wasaini. Ukikaa kimya, chochote kikija kitaitwa kwa jina lake, na hapo ndipo undugu huharibika. Nimeyaona.

Piga picha leo, shamba lote, na mashina kwa karibu. Halafu usifyeke! Chimbua mashina matatu sehemu tofauti. Shina likiwa bichi litachipua, mavuno yatapungua ila mbegu ya msimu ujao unaweza kuipata. Dawa ya ukungu piga mapema, pale majani yalipochanika ndipo unapoingilia. Kikoba waambie sasa, kabla siku ya marejesho haijafika. Bima ya kilimo hukatwa kabla ya mvua, kwa msimu huu imekupita.

MamaViazi: Ndaga fijo (asante sana) mama. Nimechimbua: mawili yana viazi kama yai la kuku, moja limeoza. Shemeji kakubali kwenda Ijumaa, ila kaniuliza kama hela ikija tutagawana vipi. Bomba la kupigia dawa naazima kwa yule wa ng'ambo ya barabara.