Baluni za kung'aa zipigwe marufuku Mombasa?

Mama Samaki, Kisauni
Jumapili mtoto wa jirani alitimiza miaka mitano. Baluni yake yenye nambari 5, ile ya kung'aa kama karatasi ya pakiti ya sigara, ikamponyoka. Ikapanda polepole, ikajilaza kwenye nyaya karibu na transfoma. Paa! Cheche za buluu, mtaa mzima kiza. Stima zilirudi saa tano usiku, changu na tafi wangu wa kuuza kesho yake wameshalegea ndani ya friza. Mie nasema kaunti izipige marufuku.

Muuza Baluni, Mwembe Tayari
Pole mama, lakini msitukatie riziki. Kunguru je? Matawi ya miembe je? Stima hapa hupotea hata siku isiyo na sherehe.

Fundi Stima, Changamwe
Kunguru hauzwi na kamba, kaka. Baluni hizo ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba sana, na alumini hupitisha umeme. Ikikaa baina ya nyaya mbili, umeme umepata njia ya mkato. Hapo fyuzi haina budi kukatika. Za mpira wa kawaida hazina alumini, na gesi yake huvuja upesi, siku moja hivi imekwisha. Hizi zenu huelea siku nyingi. California sheria ya kuzifungia uzito ipo tangu 1990, na mwaka 2022 wakapitisha nyingine ya kuwahamisha watengenezaji kwenye zisizopitisha umeme.

Kinachonitisha zaidi si friza. Ni vijana wanaochukua upondo wa maembe, au bomba la chuma, eti wainasue. Pale juu huenda ni volti 11,000! Iacheni, pigeni simu.

Mama Samaki
Uzito gani, fundi? Mtoto wa miaka mitano ataikata kamba kwa meno. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, tukaambiwa tutakufa njaa. Tulikufa?

Muuza Baluni
Mifuko ilikuwa na kikapu cha kushika nafasi yake. Mie leo nitauza nini penye nambari 5? Uzito nakubali: mchanga kidogo kwenye kitambaa, fundo mbili. Lakini itabidi niongeze shilingi ishirini, na nyinyi wateja ndio wa kwanza kulalamika.

Mama Samaki
Ishirini? Kilo moja ya changu waijua bei yake?