Nimeuziwa santuri ya Homework iliyopinda Kariakoo, eti "mali ikishauzwa hairudishwi"

Wakuu salaam. Nina hasira, mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita nilinunua toleo jipya la Homework, albamu ya kwanza ya Daft Punk, wale Wafaransa wawili wa muziki wa elektroniki, ile ya 1997, santuri mbili kwenye jalada moja. Laki na themanini. Nimejinyima miezi mitatu. Albamu hii niliijua kwa kaseti ya kurekodiwa nikiwa sekondari, na hamu yangu yote ilikuwa siku moja niisikie kwenye santuri.

Nafika nyumbani Tabata, nachana nailoni, naweka ya kwanza kwenye pleya. Ukingo unapanda na kushuka kama mtumbwi! Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo kila baada ya sekunde 1.8 sindano inapanda kilima kilekile na sauti inayumba. Na muziki wenyewe hauna pa kuficha kasoro. Around the World ni dakika saba za besi inayojirudia, wimbo mzima umesimama juu yake. Besi hiyo ikilegea na kukaza kila mzunguko, kichwa kinauma. Santuri ya pili ndiyo mbaya zaidi, sindano iliruka kabisa.

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana wa kaunta ananiambia, "Kaka, santuri zote ndivyo zilivyo."

Zote? Mzee wangu ana santuri za dansi za enzi zile bendi zetu zinarekodi RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) na santuri zinachapwa Nairobi. Zimenizidi umri. Amezipanga wima kabatini na hakuna hata moja iliyopinda.

Akaja mwenye duka. Yeye anasema ilikuwa bado kwenye nailoni yake, basi kosa ni la kiwandani. Nikageuka kutazama dirisha lao. Santuri zimelazwa, zimerundikwa moja juu ya nyingine, jua la saa nane linapiga kioo moja kwa moja. Jamani, santuri ni plastiki, PVC kama ya mabomba. Ikipata joto inalegea, na ile nailoni ya kubana nayo ikipata joto inajikunja na kuivuta kingo. Hiyo nailoni anayojitetea nayo imesaidia kuiharibu! Nikamwonyesha kwa kidole. Akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kinachoniuma si hela peke yake. Wale vijana wawili waliitengenezea albamu hii chumbani, nyumbani Paris, ndiyo maana ikaitwa Homework. Kazi ya namna hiyo inavuka bahari salama, halafu inafika Dar mtu anaianika kama dagaa.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Video ya sindano ikipanda na kushuka ninayo. Jumamosi narudi pale, wakigoma tena napeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Aliyewahi kurudishiwa hela na duka lenye maandishi hayo naomba anielekeze alianzia wapi. Na tafadhali, msiniambie niibane kati ya vioo viwili niweke vitabu juu. Nimelipia santuri iliyonyooka.