MREJESHO: Simu na laini ya kutumia mjini na shambani Mvumi

Wakuu, niliwaomba ushauri wa simu ya laki tatu, na laini itakayoshika Dodoma mjini na Mvumi ninakolima zabibu. Nimenunua: laini mbili, 4G, betri ya 5,000 mAh.

Aliyeniambia nianze na mtandao ndipo nije kwenye simu, Mungu ambariki. Niliazima laini tatu za ndugu, nikasimama nazo shambani asubuhi na jioni. Ile niliyoizoea, ambayo mjini inakimbia sana, kule ilishuka hadi 2G. Picha ya zabibu kwa mnunuzi haikwenda kabisa. Ya shemeji ilishika 4G hadi mwisho wa shamba. Basi nimesajili ya mtandao huo, na ile ya zamani nimeibakiza kwa ajili ya mjini.

Dukani nilibonyeza *#06#, ikatokea IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, nikaituma kwa SMS kwenda 15090 kuhakiki kama simu ni halisi. Kwa simu ya kwanza, jibu lilileta modeli tofauti na ya kwenye boksi, nikairudisha palepale. Ya pili ilikuwa sawa.

Pia nilipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yangu. Kuna namba moja siijui, kesho asubuhi naenda kuifutisha.