Molekuli hunuka au hunukia kwa sababu gani?

Mwalimu wa Umoja
Hamjambo. Ninafundisha kemia katika shule ya upili hapa Nairobi. Juzi nilifungua chupa ya asidi ya butanoiki, na kidato cha nne kizima kikaziba pua kwa ile harufu ya samli iliyochacha. Tulipoipasha moto pamoja na etanoli na matone machache ya asidi kali ya salfuriki, kisha tukaimimina katika bika ya maji, chumba kikanukia nanasi lililoiva. Mwanafunzi mmoja akaniuliza uvundo ulikuwa umekaa wapi katika mchoro wa molekuli. Je, umbo laweza kutueleza?

Mkemia wa Ruaraka
Kwa sehemu tu, Mwalimu. Kwanza molekuli sharti iweze kupaa hadi puani, ndiyo maana chumvi haina harufu. Baada ya hapo vikundi vya atomu husema mengi: weka salfa mahali pa oksijeni ya etanoli, nawe umepata etanethioli, uvundo unaotiwa makusudi katika gesi ya kupikia, ambayo yenyewe karibu haina harufu, ili mtungi ukivuja tushtuke mapema. Lakini molekuli iitwayo karvoni ina maumbo mawili yanayotofautiana kama kiganja cha kulia na cha kushoto tu, na bado moja hunukia mnanaa, jingine kisibiti. Pua yetu ina takriban aina 400 za vipokezi, yaani protini zinazozinasa molekuli za harufu. Jamii ya jeni zinazovitengeneza iligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Vipokezi navyo hutofautisha kulia na kushoto, kama glavu, na molekuli moja huamsha kadhaa kwa pamoja. Ubongo ndio unaosoma mchanganyiko huo.

Bi. Asumini, South B
Kipimo nacho kisisahaulike. Kemikali iitwayo indoli ikiwa nyingi hunuka kinyesi, ilhali kidogo chake kimo katika asumini. Mama akituletea vikuba vya asumini kutoka Mombasa, kile kilicholala usiku kucha nikikisogeza puani nasikia kitu kizito nyuma ya utamu. Molekuli ni ileile, nayo hunuka na kunukia.

Mwalimu wa Umoja
Ahsanteni sana. Nilikuwa nimewafundisha kwamba harufu ni sifa ya dutu kama kiwango cha kuchemka, na hilo nitalisahihisha. Kesho watanusa mnanaa na kisibiti kabla sijachora chochote ubaoni.