Kauboi Asiye na Ng'ombe: Malalamiko Yangu kwa Wanaotuandikia Riwaya za Mapenzi za Ranchi

Wanajukwaa, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba usomwe hadi mwisho kabla mtu hajaanza kujibu, kwa sababu malalamiko yangu ni mawili yanayoshikana, na wengi husikia la kwanza tu wakakimbilia kulizima. Mimi ni msomaji wa riwaya za mapenzi za makauboi wa siku hizi, zile zinazotokea Montana, Wyoming, Texas na upande wa Alberta kule Kanada, ambamo kijana mwenye ranchi na mwanamke aliyetoka mjini, au aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, huanza kwa kuzozana na kumaliza kwa kuoana. Nazisoma kwa wingi, nazinunua kwa fedha yangu, na nazipenda. Kinachoniudhi ni kwamba kila zinapotajwa tunaambiwa sisi wasomaji ndio wenye hatia, tuone haya na kujificha, ilhali wanaostahili kuulizwa ni wale wanaotuuzia kauboi ambaye hana ng'ombe.

Hilo la haya sikusudii kulikalia sana. Tuliosoma sekondari za bweni za wasichana tunavikumbuka vile vitabu vidogo vya mapenzi vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908 na kununuliwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971, vilivyozunguka bwenini mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka, vikiwa vimevikwa gazeti ili matroni asivitambue. Mazoea yale ya kuficha yametufuata utu uzimani. Leo mwanamke mwenye kazi, watoto na kodi ya nyumba anayoilipa kwa jasho lake bado anageuza simu kifudifudi ndani ya daladala ili jirani asione picha ya mwanamume mwenye kofia ya pama. Aliyeketi pembeni yake anasoma riwaya ya kijasusi yenye maiti kila sura, na hakuna anayemtaka aone haya. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Janice Radway, alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wa mji mmoja wa Marekani ya kati waliokuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi, na walichomweleza ni kwamba kukaa na kitabu kulikuwa kujipatia muda wao wenyewe, ambamo hawakuwa wakitumwa na mume wala mtoto. Mtu anayeijua nyumba yenye watoto hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Sasa niseme raha yenyewe ni ipi, maana wanaoicheka hawajawahi kuitazama vizuri. Chama cha Waandishi wa Riwaya za Mapenzi cha Marekani kiliweka masharti mawili ili kitabu kiitwe riwaya ya mapenzi: penzi liwe ndilo kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba watapatana, kwa hiyo macho yake yote yako kwenye namna watakavyopatana. Katika riwaya za makauboi namna hiyo ni kazi. Shujaa si msemaji. Mara nyingi ni mtu wa maneno machache aliyefungana moyoni, na mwandishi hawezi kumpa hotuba za mapenzi bila kumharibu. Upole wake tunausoma mikononi mwake, katika jinsi anavyomkaribia farasi aliyewahi kupigwa, anavyosimama mbali na kumpa ubavu badala ya uso, anavyosubiri hadi mnyama mwenyewe asogee kunusa kiganja. Mwanamume anaweza kumlaghai mwanamke kwa maneno matamu, lakini farasi mwenye kumbukumbu ya mjeledi halaghaiki. Mwanamke anayetazama kutoka kwenye uzio anapata ushahidi, nasi tunaupata pamoja naye. Kazi ya wanyama ndiyo hoja yote ya mapenzi katika vitabu hivi, na ukiiondoa humpunguzii msomaji mapambo, unamnyima sababu ya kuamini kwamba huyu bwana anapendeka.

Na ndiyo wanayoiondoa. Riwaya niliyoimaliza juzi inatokea Montana mwishoni mwa Februari. Shujaa anamiliki ranchi aliyoachiwa na babu yake, na tunaambiwa ana mamia ya ng'ombe. Theluji inaanguka, barabara zinafungwa, na yeye na mgeni wake wanakwama kwenye kibanda cha mlimani kwa siku kadhaa, wakipika supu, wakicheza karata na kufanya mengine ambayo wanajukwaa mnayajua. Sina ugomvi na kibanda, supu wala hayo mengine. Lakini wakati wote huo hakuna anayeuliza ng'ombe wanalishwa na nani. Hakuna simu kwa jirani, hakuna mfanyakazi anayetajwa, hakuna hata wazo linalompita shujaa kichwani usiku. Ng'ombe wametajwa mwanzoni ili kofia ipate uhalali, kisha wakasahauliwa hadi sura ya mwisho wanapoonekana kwa mbali jua likizama.

Montana ni jimbo lenye ng'ombe wengi kuliko watu, na katika ranchi nyingi za huko Februari hadi Aprili ndiyo majira ya kuzaa. Mimi nimekulia katika nyumba ya wafugaji, tena katika nchi isiyojua theluji, na bado najua majira hayo maana yake nini. Mitamba wanaozaa kwa mara ya kwanza hawaachwi peke yao; mtu anaamka usiku kila baada ya saa chache, anavaa buti na koti, anapita na tochi akitazama nani ameinua mkia na nani amejitenga na wenzake. Ndama akija vibaya, mguu mmoja umekunjwa nyuma au kichwa kimegeuka, mkono unaingia hadi begani kumrudisha ndani na kumnyoosha. Mnyororo mwembamba unafungwa juu ya kifundo cha miguu ya mbele, na unavuta pale tu mama anaposukuma, ukiacha anapoacha, kwa sababu ukivuta kwa pupa utamuumiza yeye na mtoto. Ndama akitoka bila kupumua anachokonolewa pua kwa unyasi mkavu ili apige chafya. Katika baridi ile hana muda mrefu: asipokauka haraka, ncha za masikio na mkia huganda na baadaye kudondoka, na asipopata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, katika saa za mwanzo hata akipona baridi hatakuwa na kinga ya maradhi. Ndiyo maana wafugaji wa kule huwalaza ndama kwenye sakafu ya gari la pikapu mbele ya kipasha joto, au huwaingiza jikoni, au huwatumbukiza katika beseni la kuogea lenye maji ya uvuguvugu.

Hebu niambieni, kwa mwandishi anayetaka mwanamke wa mjini amjue mwanamume asiyejua kujieleza, usiku upi unaupita huo? Mwanamke ameshika tochi, mikono inatetemeka, hajui kama mnyama atapona. Bwana amelala kifudifudi kwenye majani makavu, shati limelowa damu na maji ya uzazi, na anazungumza na mtamba kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia mbele ya binadamu. Hapo ndipo ningelia. Badala yake nimepewa sura nzima kuhusu misuli ya tumbo lake.

Ugonjwa huu una umri. Riwaya ya Owen Wister ya mwaka 1902, The Virginian, ambayo wengi huihesabu kuwa mzazi wa kauboi wa vitabuni, ilimweka shujaa wake Wyoming, ikampa mwalimu wa shule kutoka mashariki wa kumpenda, na wahakiki walishaona zamani kwamba ndani yake ng'ombe hawaonekani sana wakifanyiwa kazi. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado tunauziwa muundo uleule, bwana wa porini na mwanamke wa mjini, bila mtu kujishughulisha kwenda kusimama zizini na kuuliza.

Kwenye rodeo, yale mashindano ya makauboi ya kupanda na kukamata wanyama, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu huko wanacheza na vifo vya watu. Kupanda fahali ni sekunde 8, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine hewani usiomgusa mnyama wala mwili wako, na alama 100 zinagawanywa nusu kwa mpandaji na nusu kwa fahali mwenyewe. Lane Frost, bingwa wa dunia wa mwaka 1987, alikufa tarehe 30 Julai 1989 uwanjani Cheyenne, Wyoming, akiwa na miaka 25. Alikuwa amemaliza sekunde zake na kushuka salama. Fahali akageuka na kumpiga, mbavu zikavunjika. Baada ya kifo chake ndipo fulana za kinga zilipoenea miongoni mwa wapandaji. Katika riwaya zetu, mpanda fahali huumia bega kiasi cha kutosha tu mwanamke kumfunga bendeji, kisha anapona kabla ya fainali za rodeo za Las Vegas. Mwanamke anayempenda mtu wa kazi ile anaishi na hofu kila wikiendi ya kiangazi, na hofu hiyo ni penzi tosha la kujaza kitabu. Kwa nini wanaifanya kuwa kisingizio cha kuvua shati?

Umiliki wa ardhi nitaugusa kidogo. Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilionyesha wastani wa umri wa wakulima na wafugaji kuwa zaidi ya miaka 58, ila mashujaa wetu wote wana miaka 30 na kidogo, wana ardhi isiyo na mwisho, na hawadaiwi na benki. Deni likitajwa, hulipwa na urithi wa ghafla katika sura ya mwisho.

Ninalolikasirikia kuliko yote ni sura za mashujaa hao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, mamilioni ya ng'ombe walikuwa wakizurura Texas, na waliowaswaga hadi kwenye reli za Kansas walikuwa watu wa kila rangi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na wengi wa hao walikuwa wameijua kazi ya mifugo wakiwa watumwa. Kamba ya kitanzi, tandiko na ufundi wa kuongoza kundi juu ya farasi vilitoka kwa wachungaji wa Meksiko waliokuwapo kabla yao. Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee, alichapisha habari za maisha yake ya ukauboi mwaka 1907. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870 kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa, ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuruka kutoka kwenye farasi anayekimbia, kukamata maksai kwa pembe na kumwangusha chini, na mchezo huo unashindaniwa katika rodeo hadi leo. Tangu mwaka 1984 ipo rodeo ya makauboi Weusi inayozunguka miji ya Marekani kwa jina lake. Watu hawa wapo, wana wajukuu, wanapanda farasi leo hii. Halafu pitia majalada ya riwaya mpya za ranchi mtandaoni, uone utapitia mangapi kabla hujakutana na shujaa mwenye rangi yao. Mimi msomaji Mwafrika natakiwa nione haya kwa kusoma kitabu, na aliyefuta robo ya makauboi kwenye jalada hatakiwi kuona haya kwa lolote.

Najua jibu linalokuja: ni hadithi tu, nani anasoma mapenzi ili ajifunze ufugaji? Jibu hilo ndilo linalonithibitishia. Mwandishi wa riwaya ya kijasusi akikosea aina ya bastola, wasomaji wake humwandama, na mhariri huona aibu. Kwenye riwaya zetu fahali anaweza kukamuliwa na hakuna atakayestuka, kwa sababu ofisini kwa wachapishaji wameshaamua kwamba wanawake hawa watanunua tu. Dharau inayotuita wenye raha ya kujificha na dharau inayotuletea vitabu vya kulipuliwa ni moja. Na wapo waandishi wanaojua kazi hii, wengine wamezaliwa ranchi na wengine wameoa au kuolewa huko. Nimewasoma, na kurasa zao zina harufu ya zizi na joto la ndama aliyelazwa jikoni. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na mapenzi hayapungui hata chembe.

Ninachotaka kwa wachapishaji ni kwamba muswada wa ranchi usomwe na mtu aliyewahi kuvuta ndama kabla haujaenda mitamboni, na kwamba makauboi Weusi na wa Meksiko wawekwe kwenye majalada wakiwa mashujaa, wasiwe marafiki wa shujaa. Ninachotaka kwenu wanajukwaa ni majina: mwenye kujua riwaya ya kauboi wa sasa ambayo ng'ombe wake wanakula, wanaugua, wanazaa na kumchelewesha bwana kwenye miadi, aiweke hapa chini pamoja na jimbo inakotokea, na aseme kama shujaa anafanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Anayetaka kuja kuuliza mtu mzima anasomaje vitabu vya mapenzi, uzi huu haumhusu.